Gemu za kuuana: Je, anayeuza mashine anauza ugomvi?

Na Mwandishi Wetu

WANAOPITISHA vifaa vya umeme Namanga, Busia, Rusumo au Gatumba wanaujua mzigo huu. Ni mashine za gemu, nyingi zikiwa PlayStation za mtumba kutoka Dubai na Ulaya, pamoja na pedi zilizofungwa kwa mpira, mfuko wa nyaya na boksi la diski. Hushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, hupita Kariakoo au River Road, na baada ya siku chache zimekwisha kutawanyika: tatu Kampala, mbili Bujumbura, nyingine imevuka kwenda Goma. Mwisho wa safari ni chumba chenye televisheni mbili tatu, benchi la mbao, na vijana wanaolipa kwa mchezo au kwa dakika.

Huko mwisho wa safari ndiko lawama zinakosubiri. Vijana wakipigana mtaani, mtoto akiiba chenji ya mama yake, au matokeo ya mtihani yakiwa mabaya, kidole cha kwanza huelekezwa kibandani. "Ni zile gemu za kuuana," ndivyo inavyosemwa, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Mwenye kibanda hufungiwa, na aliyemkopesha mashine akitegemea kulipwa kidogo kidogo hubaki na deni lisilolipika.

Kwa hiyo swali hili si la walimu na wazazi peke yao. Kama ni kweli kwamba gemu za vita na bunduki humgeuza mchezaji kuwa mtu mkatili, basi anayeziingiza sokoni ana la kujibu mbele ya majirani zake, hata kama ushuru ameulipa wote. Kama si kweli, watu wanapoteza mitaji kwa uvumi.

Wamarekani wamebishana juu ya jambo hili kwa karibu miaka 50, katika maabara, bungeni na mahakamani. Wameacha rundo la ushahidi, na sehemu kubwa yake inaeleweka bila kuwa mtaalamu.

Misalaba kwenye kioo

Mwaka 1976 kampuni ya Exidy ya California ilitoa gemu iliyoitwa Death Race. Ilichezwa kwenye mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Mchezaji alishika usukani na kuvigonga vijitu vilivyokimbia ovyo. Kila kilichogongwa kilipiga ukelele, na mahali pake ukasimama msalaba. Ukiitazama leo utacheka. Ni vipande vyeupe juu ya kioo cheusi, huwezi hata kujua kama kilichogongwa ni mtu au mbuzi. Lakini Baraza la Taifa la Usalama la Marekani, shirika linaloshughulika na kuzuia ajali, liliilaani, magazeti yakaandika, na kelele zikawa tangazo la bure: mashine zikanunuliwa zaidi. (Mwaka huohuo Tanzania ilipitisha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Hapa kwetu wasiwasi wakati ule ulikuwa sinema.)

Kelele kubwa zaidi zilikuja mwaka 1993. Mortal Kombat, gemu ya kupigana iliyotoka mwaka mmoja kabla, ilimruhusu mshindi kumng'oa mwenzake moyo. Maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl waliwaita wenye makampuni mbele ya Seneti mwezi Desemba, na ujumbe ulikuwa wazi: jiwekeeni utaratibu wenyewe, la sivyo serikali itawawekea. Mwaka uliofuata, 1994, makampuni yakaunda bodi ya ESRB ya kupanga gemu kwa umri. Zile herufi E, T na M unazoziona kwenye kava za diski za Kimarekani zilizaliwa katika mvutano ule.

Halafu ikaja Columbine. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili wa shule hiyo ya sekondari katika jimbo la Colorado waliwaua wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Ilijulikana upesi kwamba wote wawili walikuwa wapenzi wa Doom, gemu ya kupiga risasi iliyotoka mwaka 1993. Tangu siku ile, kila kunapotokea mauaji ya aina hiyo Marekani, watu hutafuta kwanza muuaji alikuwa akicheza nini. Familia zilifungua kesi dhidi ya makampuni ya gemu, na mwaka 2002 mahakama ikazitupilia mbali.

Jimbo la California lilijaribu njia nyingine. Mwaka 2005 Gavana Arnold Schwarzenegger, ambaye mwenyewe alipata utajiri kwa filamu za bunduki zilizojaa vibanda vyetu vya video, alitia saini sheria ya kumtoza faini hadi dola 1,000 mtu anayemuuzia gemu ya ukatili kijana wa chini ya miaka 18. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwezi Juni 2011 majaji saba kwa wawili waliifuta sheria hiyo.

Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alikumbusha kwamba watoto wamekuwa wakisimuliwa mambo ya kutisha tangu zamani: katika hadithi za ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, watoto wanamchoma mchawi kwenye tanuri. Hapo msomaji aliyelelewa na bibi atamkumbuka zimwi aliyemeza kijiji kizima mpaka akapasuliwa tumbo, na hakuna aliyesema hadithi ile ifungiwe. Scalia aliongeza kwamba utafiti ulioletwa na California haukuthibitisha kwamba gemu ndizo zinazosababisha ukali. Ulionyesha tu kwamba mambo hayo mawili wakati mwingine hukutana kwa mtu mmoja. Jaji Stephen Breyer hakukubaliana naye, na akaambatisha orodha ndefu ya tafiti ili kila mtu ajionee. Wanasayansi, kwa maneno mengine, walikuwa wamegawanyika mbele ya majaji kama mashahidi wa kesi ya shamba.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Mwanasiasa aliyeubuni muswada ule wa California, Leland Yee, alishtakiwa mwaka 2014 kwa makosa ya rushwa na njama za kuuza silaha kwa magendo, akakiri kosa la uhalifu wa kupangwa na kufungwa miaka mitano. Hilo halithibitishi chochote kuhusu gemu, ila wachezaji wa Marekani hawajaacha kulitaja.

Sosi ya pilipili na maji ya barafu

Sasa tuingie maabara, maana huko ndiko neno "utafiti umethibitisha" linakotengenezwa.

Mtafiti hawezi kumpa mtu kisu aone kama atamchoma mwenzake. Anatafuta kipimo kisichoumiza. Mwaka 2000 Craig Anderson na Karen Dill walichapisha jaribio lililokuja kunukuliwa mara nyingi mno. Wanafunzi wa chuo waligawanywa. Kundi moja lilicheza Wolfenstein 3D, ambayo ni ya kupiga watu risasi, na jingine likacheza Myst, gemu ya utulivu ya kutegua mafumbo. Baadaye kila mmoja alishindana na mtu asiyemwona kubonyeza kitufe haraka, na mshindi alipata ruhusa ya kumpigia mwenzake kelele masikioni. Waliocheza Wolfenstein, baada ya kushindwa, walibonyeza kelele muda mrefu kidogo kuliko wale wengine. Mtu wa upande wa pili hakuwepo kabisa, ilikuwa kompyuta.

Kipimo kingine ni sosi ya pilipili. Unaambiwa kuna mtu asiyependa pilipili, na kazi yako ni kumtengea kiasi atakachokula. Ukimjazia, unahesabiwa kuwa umekuwa mkali.

Mfanyabiashara anayejua tofauti ya kilo ya mizani na kilo ya debe ataona tatizo mara moja. Kitu kinachopimwa hapa ni uchokozi mdogo wa dakika chache baada ya mchezo, chini ya macho ya mtafiti, bila hatari yoyote kwa anayeufanya. Kutoka kwenye kelele za masikioni hadi kumpiga mtu panga ni safari ndefu, na maabara haijawahi kuitembea. Vichwa vya habari huiruka kwa neno moja tu.

Haimaanishi kwamba Anderson na wenzake walikuwa wababaishaji. Mwaka 2010 walijumlisha tafiti zilizowahusu watu zaidi ya 130,000 na kusema matokeo yanaelekea upande mmoja: gemu za ukatili zinaongeza mawazo na vitendo vya ukali. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo cha Dartmouth walijumlisha tafiti 24 zilizowafuatilia vijana zaidi ya 17,000 kwa muda, na wakakuta uhusiano na ugomvi wa kweli, kama kupigana shuleni. Uhusiano huo ni mdogo, lakini upo. Anayesema sayansi haikuona kitu kabisa anakosea sawa na anayesema imethibitisha kila kitu.

Upande wa pili yuko Christopher Ferguson wa Chuo Kikuu cha Stetson, Florida, ambaye kwa miaka mingi amerudia hoja moja: ukiondoa mambo mengine kwenye hesabu, kama kijana kupigwa nyumbani, tabia ya marafiki zake au msongo wa mawazo, kinachobaki mikononi mwa gemu ni kidogo sana. Na utafiti wenyewe umekuwa na doa. Makala moja iliyodai kwamba gemu za bunduki humfundisha mchezaji kulenga kichwa iliondolewa na jarida lililoichapisha mwaka 2017 baada ya kasoro kuonekana kwenye takwimu zake.

Majaribio mawili ya hivi karibuni yanafaa kukumbukwa na kila mwenye kibanda. La kwanza ni la Hamburg, Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2018. Watu wazima 77 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilicheza Grand Theft Auto V, ile ya kuiba magari na kuua watu barabarani, kila siku kwa miezi miwili. La pili lilicheza gemu ya kujenga nyumba na kulea familia, la tatu halikucheza kitu. Mwishoni hakukuwa na tofauti ya maana kati yao katika ukali wala katika huruma. Tatizo ni kwamba hao walikuwa watu wazima, si watoto wa miaka tisa wanaojazana kwenye benchi.

La pili ni la Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 2019. Andrew Przybylski na Netta Weinstein waliwauliza vijana wa Uingereza wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15 gemu wanazocheza, na wazazi au walezi wao wakaulizwa kuhusu tabia ya mtoto. Ukatili wa gemu haukupimwa kwa maoni ya kijana bali kwa alama rasmi za umri. Tena watafiti waliandika mapema watakavyopiga hesabu, kabla ya kuona takwimu, ili wasije wakachagua jibu linalowapendeza. Hawakuona uhusiano.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kilichokuwa mstari wa mbele kuonya, kilitoa tamko jipya mwaka 2020. Kinaendelea kusema kwamba gemu hizi zina uhusiano mdogo na tabia za ukali kama kufoka na kusukumana, lakini kinaonya kwamba kuzitwika mzigo wa mauaji na uhalifu hakuna msingi wa kisayansi na kunawafanya watu wasitazame sababu nyingine.

Anayepigana ni aliyefungwa

Mwandishi yeyote aliyekaa kwenye vibanda hivi anajua kwamba ugomvi ukizuka, mara nyingi gemu iliyo kwenye kioo ni ya mpira. Wawili wameweka hela, mmoja amefungwa bao dakika ya mwisho, anadai pedi ilikuwa mbovu, na mwenye kibanda anaruka kati yao kuokoa televisheni yake. Mpira hauna bunduki wala damu.

Hili maabara imelichunguza. Mwaka 2011 Paul Adachi na Teena Willoughby wa Chuo Kikuu cha Brock, Kanada, walizipanga gemu kwa mambo mawili tofauti: kiasi cha ukatili na kiasi cha ushindani. Kipimo kilikuwa ile sosi ya pilipili. Gemu ya ukatili peke yake haikuwafanya watu wamwage sosi zaidi. Gemu ya ushindani mkali iliwafanya, hata ilipokuwa ya mbio za magari.

Miaka mitatu baadaye Przybylski na wenzake walikwenda mbali zaidi. Walichukua Tetris, ile ya kupanga matofali, ambayo hakuna kiumbe anayeumia ndani yake, wakaiharibu kwa makusudi ili wachezaji wengine wapate vipande visivyokaa mahali. Kabla ya kucheza, kila mtu alitumbukiza mkono kwenye maji ya baridi kali kwa sekunde 25. Baada ya kucheza aliambiwa aamue mtu anayefuata auweke mkono humo kwa muda gani. Waliocheza Tetris mbovu waliwapangia wenzao, kwa wastani, sekunde 10 zaidi ya waliocheza ile nzuri.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo jambo lenye faida kuliko yote katika ubishi huu wa miaka 50. Kinachomchoma mchezaji ni kushindwa, na kuhisi kwamba ameshindwa bila haki. Pedi isiyoitika kidole, mashine inayoganda katikati ya mchezo, na dau juu ya meza vina nafasi kubwa zaidi ya kuleta ngumi kuliko damu ya kuchora. Anayesambaza pedi za bei poa kutoka Guangzhou, zinazokufa baada ya wiki mbili, huenda anachangia ugomvi wa kibandani kuliko anayeuza diski za vita.

Takwimu za mtaani, nje ya maabara, nazo hazimpi nguvu anayeogopa damu ya kwenye kioo. Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, uhalifu wa vijana wa kutumia nguvu ulishuka sana katika miaka ileile ambayo mauzo ya gemu yalipaa. Japani na Korea Kusini wanacheza mno, na mauaji kwao ni machache. Idara ya Ulinzi wa Rais ya Marekani ilichunguza mashambulizi 37 ya shuleni yaliyofanywa na vijana 41 kati ya mwaka 1974 na 2000. Waliokuwa wameonyesha kupenda gemu za ukatili walikuwa asilimia 12 tu. Asilimia 37 walikuwa wameonyesha ukatili katika maandishi yao wenyewe, yaani insha, mashairi na shajara, na hakuna aliyependekeza kalamu zipigwe marufuku.

Wachumi Gordon Dahl na Stefano DellaVigna walikuta jambo la ajabu zaidi kuhusu filamu: siku ambazo watu wengi walikwenda kutazama filamu za ukatili, mashambulio yalipungua. Sababu yao ni rahisi. Kijana mkorofi aliye ndani ya sinema saa mbili usiku hayuko baa, na akitoka huwa hajalewa. Mama anayeuza vitunguu sokoni hadi jioni, na ambaye angependa kujua mwanawe yuko wapi, anaweza kulielewa hilo upesi kuliko profesa.

Redio iliyowahi kuua

Pamoja na hayo, hatuwezi kusema kwamba chombo ni chombo tu na hakina madhara. Ukanda huu unajua. RTLM, redio iliyoanza kurusha matangazo Kigali mwaka 1993, iliwataja watu kwa majina, ikawaita wenye kuua kazini, na ikawa sehemu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Miaka tisa baadaye, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili.

Lakini tazama redio ile ilivyofanya kazi. Ilimzungumzia jirani wa kweli, mwenye jina na nyumba. Ilimwambia msikilizaji kwamba kuua ni wajibu. Nyuma yake walikuwepo viongozi, wanamgambo na vizuizi barabarani. Gemu haina hata kimoja cha hivyo. Adui yake hana ukoo, na muda uliolipiwa ukiisha, mchezaji anasimama anamwachia mwenzake benchi.

Gemu inaweza kuvuta matamanio, na wenye majeshi wanajua. Mwaka 2002 Jeshi la Marekani lilitoa gemu yake lenyewe, America's Army, iligawiwe bure ili vijana wavutiwe kujiandikisha. Nia haikuwa kumfundisha kijana ukatili, ilikuwa kumfanya aone uaskari kama kazi ya kutamanika. Kwa eneo ambalo watoto waliwahi kushikishwa bunduki za kweli na kuitwa kadogo, hilo linastahili kufikiriwa zaidi kuliko swali la damu. Na nyingi ya tafiti zilizotajwa hapa zilifanywa kwa watu wa Marekani, Kanada na Ulaya. Mtoto wa Kivu aliyelala chini ya kitanda akisikia milio ya kweli si yule mwanafunzi aliyejaziwa sosi ya pilipili, na kumchezesha vita si lazima kuwe na maana ileile.

Nchi zilizochagua kufunga

Mwaka 2019 ulikuwa wa marufuku. Mji wa Rajkot, jimbo la Gujarat nchini India, ulizuia PUBG, gemu ya simu ambayo watu 100 wanashushwa kisiwani kuuana hadi abaki mmoja, na polisi wakawakamata vijana waliokutwa wakiicheza. Nepal na Iraq nazo zikaifunga mwezi Aprili. Huko Nepal Mahakama ya Juu ilisimamisha amri hiyo katika muda wa wiki chache tu. India ilipokuja kuifunga nchi nzima mwaka 2020, sababu iliyotolewa haikuwa tena ukatili, ilikuwa usalama wa taarifa za watu na ugomvi wake na China.

China yenyewe ilichukua njia tofauti mwaka 2021: aliye chini ya miaka 18 acheze gemu za mtandaoni saa moja tu kwa siku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Hofu ya Beijing ilikuwa muda. Shirika la Afya Duniani nalo liliangalia upande huo. Mwaka 2019 liliuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Dalili ni mtu kushindwa kujizuia, kuiweka gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata inapomharibia, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Neno ukatili halimo.

Nakubaliana nao zaidi kuliko wale wa Rajkot. Mtoto aliyekaa kibandani saa za shule, au anayelipia almasi za Free Fire kwa simu ya baba yake, ana tatizo linaloonekana kwa macho, na halihitaji sosi kulipima.

Alama ya kwenye kava

Kinachobaki mikononi mwa mfanyabiashara ni alama ya umri, na hii wengi wetu tunaipita kama maandishi ya Kichina. Diski iliyotoka Ulaya ina alama ya PEGI: namba 3 na 7 za kijani, 12 na 16 za rangi ya chungwa, 18 nyekundu. Nyuma ya kava kuna picha ndogo: ngumi ni ukatili, buibui ni kutisha, sindano ni dawa za kulevya, dadu ni kamari. Diski ya Marekani ina herufi: E ni ya wote, T kuanzia miaka 13, M kuanzia 17. Ya Japani inaanzia A, ya wote, hadi Z, ya watu wazima tu. Boksi moja la mtumba kutoka Dubai laweza kuwa na alama za mabara matatu.

Bodi zetu zilianzia kwenye filamu. Kenya ina KFCB yenye madaraja ya GE, PG, 16 na 18, Tanzania ina Bodi ya Filamu, na Uganda ina Baraza la Habari. Mzigo mmoja wa diski unaweza kupita mbele ya zote tatu kwa wiki moja bila yeyote kuufungua, kwani forodha inaangalia thamani na ushuru. Kwa hiyo anayejua kilichomo ni muuzaji. Akimwambia mwenye kibanda kwamba hizi tano ni za namba 18, zichezwe usiku na wakubwa, mwenye kibanda ana jibu la kumpa mwenyekiti wa mtaa siku atakapofika na mgambo. Anayekaa na mashine ya kamari chumba kimoja na watoto hana jibu, hata kama diski zake zote ni za mpira.

Diski zilizonakiliwa hazina alama yoyote, jina tu lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Hata hivyo jina linatosha: tovuti ya PEGI inamruhusu mtu yeyote kuliandika na kuona umri, bila malipo.

Na siku hizi diski zenyewe zinapungua, kila kitu kinahamia kwenye simu. Duka la programu la Google huonyesha umri wa kila gemu, na mzazi anaweza kuzuia zisizofaa, ilimradi akaunti ijulikane kuwa ni ya mtoto. Hapa ndipo wauzaji wa simu tunapoharibu, Kariakoo mpaka Kikuubo. Mteja haijui barua pepe, foleni ni ndefu, muuzaji anamfungulia akaunti haraka haraka na kwenye mwaka wa kuzaliwa anaandika 1985 au wowote unaokuja kichwani. Mteja anaondoka, simu inakwenda kwa mwanawe wa darasa la tano, na kwa macho ya mashine mtoto huyo ana miaka arobaini. Kuuliza "simu hii ni ya nani?" kabla ya kuandika mwaka kunachukua nusu dakika.